Mshipi, juya na rodi ya mgeni: nani apishwe majini?

Katika jimbo la Oregon, Marekani, kuna mto unaoitwa North Umpqua. Tangu 1952 kipande chake cha zaidi ya maili 30 ni cha wavuvi wa aina moja tu, wale wanaovua kwa nzi wa bandia. Nzi huyo ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu. Hana uzito, kwa hiyo mvuvi hutumia uzito wa mshipi wenyewe, akiuzungusha hewani kwanza kabla ya kuuachia utue majini. Mwenye chambo cha mnyoo, mayai ya samaki au kijisamaki cha chuma kinachong'aa haruhusiwi kuvua hapo, hata kama amezaliwa nyumba ya tatu kutoka ukingoni. Ataambiwa mito mingine ipo.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja ya samaki. Samaki anayefuata chambo cha kuliwa mara nyingi humeza ndoana mpaka kooni, na ukimrudisha majini huenda kufa. Wa nzi hunasa mdomoni, hutolewa ndoana akaenda zake. Wanaoupinga wana hoja ya watu. Mto ni wa umma, leseni wanalipa wote, basi vipi baadhi yao wafungiwe mlango kwa sababu ya kitu kilichofungwa ncha ya mshipi? Na wanaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba uvuvi wa nzi ni mchezo wa wenye nafasi: rodi ghali, muda wa kujifunza, na kidogo majivuno.

Zanzibar hatuna mito ya namna hiyo. Ukimwambia mvuvi wa Nungwi kwamba kuna watu wanaamka alfajiri, wanaingia kwenye maji ya baridi mpaka kiunoni, wanamvua samaki kisha wanamwachia, atakutazama mara mbili. Lakini ugomvi wenyewe tunao, na kwetu hauhusu mchezo. Kila linapopigwa marufuku juya, yaani wavu wa kukokota, linapofungwa tumbawe, linapotengwa eneo la hifadhi au boti za wageni zinapopewa njia, swali ni lilelile: tunachagua chombo kinachofaa kwa samaki, au tunachagua mtu? Maoni yangu ni kwamba mara zote tunafanya yote mawili. Kanuni ya chombo ni kanuni ya mgao. Anayeiandika akasema anamtetea samaki tu, ama hajafika diko, pale vyombo vinapotua na samaki, ama amefika na hataki kusema.

Tuanzie Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, kwa sababu pale mambo yamekuwa wazi kwa miaka mingi. Kaskazini ya Chwaka kuna kijiji cha Marumbi. Watu wa Marumbi wanajulikana kwa dema na mshipi. Dema husukwa kwa fito nyembamba, matundu yake ya pembe sita, na mlango wake unaingia ndani kama koo: samaki akishapita hajui pa kutokea. Hutiwa chambo, hupachikwa mawe, huzamishwa kwenye nyasi za bahari, na mwenyewe hurudi baadaye akaliinua. Ndani atakuta tasi, pono, changu. Wadogo kabisa wametoka wenyewe kwenye matundu. Akimkuta ambaye hafai anaweza kumrudisha akiwa hai.

Sasa pitisha juya juu yake. Juya la kukokota huhitaji watu wengi, mara nyingi kumi na zaidi, wengine wakivuta kamba, wengine wakipiga maji kuwafukuza samaki wakusanyike. Linapokwenda linalala chini na kukwangua: nyasi zinang'oka, vitoto vya changu na pono vinaingia pamoja na wazazi wao, na madema yaliyotegwa njiani yanaburutwa na kuvunjika. Mvuvi wa dema akirudi hukuta fito zinaelea. Hapo hakuna haja ya mwanasayansi. Ugomvi wa wavuvi wa juya wa Chwaka na wa dema wa Marumbi ulitokana na hili, na uliwahi kufika mahali ambapo hifadhi ya samaki lilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa watu wasiumizane.

Katika mzani huu siwezi kujifanya sina upande. Nyasi za bahari ndipo samaki wengi wa matumbaweni wanapolelewa wakiwa wadogo. Chombo kinachozing'oa kinamla samaki wa mwaka huu na wa miaka ijayo kwa mvuto mmoja. Zaidi ya hayo, juya linamnyima mwenzako nafasi ya kuvua kwa njia yake. Mwenye dema hamzuii mwenye mshipi, na mwenye mshipi hamzuii mwenye dema. Mwenye juya anawazuia wote wawili kila anapopita. Ukitafuta kipimo cha chombo cha haki, mimi kwangu hiki kinatangulia hata hesabu ya samaki: je, chombo chako kinawaachia wengine maji ya kuvulia?

Kisheria jambo hili limekwisha zamani. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Nam. 7 ya 2010 na kanuni zake, na juya la kukokota, baruti, sumu na bunduki za kuchomea samaki ni marufuku. Kadhalika kigumi, ule uvuvi wa kuyagonga matumbawe kwa magongo ili samaki watoke mafichoni wakimbilie wavuni. Mbona basi bado vipo?

Jibu la haraka ni kwamba doria ni chache na mafuta ya boti ni ghali. Jibu la kweli zaidi liko kwenye mafungu. Kijana asiye na dau, asiye na mashine, asiye na hata mshipi wa maana, akienda kwenye juya anapata fungu siku hiyohiyo. Samaki wanapigwa mnada diko, linatoka fungu la chombo, linatoka fungu la nyavu, na kinachobaki wanagawana waliovuta. Ni kidogo, lakini hakikuhitaji mtaji. Mshipi nao, ingawa unaonekana ndio chombo cha maskini, ukitaka kuuvua pahala penye samaki leo unataka chombo cha kufika nje ya mwamba, mashine, petroli, barafu na chambo. Mvuvi wa ndani ya mwamba mwenye mtumbwi na mshipi mkononi anavua mabaki.

Kwa hiyo unapopiga marufuku juya bila kusema lolote jengine, umewahamisha watu kumi kutoka kazini na kumwachia bahari yule ambaye tayari alikuwa na mashine. Hili ndilo watu wa juya wanalolisema, na wakilisema kwa hasira hatuna budi kulisikia. Linalotia uchungu zaidi ni namna adhabu inavyotembea. Nyavu zinakamatwa, zinachomwa moto hadharani, picha zinapigwa, vijana wanapelekwa mahakamani. Mwenye nyavu, ambaye mara nyingi hata hakuwa baharini siku hiyo, ananunua nyengine. Sheria imemkuta mwenye mikono ikampita mwenye mali.

Upande wa pili nao usijisafishe mno. Mshipi unasifiwa kwamba unachagua: ndoana moja, samaki mmoja. Ni kweli, lakini kuchagua si sawa na kuhifadhi. Chewa wa aina kadhaa hukusanyika pahala pamoja msimu wa kutaga, na wavuvi hodari wanapajua. Boti chache za mshipi tu, zikipiga pahala hapo misimu michache mfululizo, zinaweza kulimaliza kundi zima bila ya wavu hata mmoja kuingia majini. Katika bahari ya Karibi makundi ya chewa yamemalizwa hivyohivyo. Na yule changu aliyevutwa upesi kutoka kina kirefu hufika juu tumbo limejaa hewa, macho yamemtoka. Ukimrudisha anaelea. Papa anamsubiri, au ndege. Hapo sifa ya kumwachia inabaki kuwa sifa ya mdomoni.

Nimelitaja hili kwa sababu hoja ya kuvua na kuachia sasa inaingia kwetu na ina nguvu ya pesa. Magharibi ya Pemba bahari inashuka ghafla. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kwa sababu hiyo nduwaro, sulisuli, jodari, nguru na fulusi wanapita karibu na nchi kavu kuliko sehemu nyingi. Boti za wageni hutoka Nungwi kwa upande wetu na Shimoni kwa upande wa Kenya, zikiburura chambo cha plastiki kwenye rodi nene. Huko nje, kusema kweli, mgongano na wavuvi wetu ni mdogo. Samaki wale ni wasafiri, hawana kijiji. Mgeni analipa kwa siku moja fedha ambayo nguru mzima asingeiingiza soko la Malindi, mjini Unguja, nahodha na mabaharia ni vijana wa hapa, na nduwaro mara nyingi anaachiwa. Nani atalalamika? Wavuvi wa jarife la kuelea, wavu wa kunasia samaki, watalalamika wakiambiwa wapishe, lakini jarife hilo nalo linanasa kasa na pomboo, kwa hiyo hawana mkono msafi sana wa kunyooshea kidole.

Shida inaanza mgeni anapotaka kuingia ndani, kwenye maji ya magotini.

Duniani kote wavuvi wa nzi wamegundua kwamba wanaweza kuwafuata samaki wa bahari kwenye maji madogo ya visiwa vya tropiki. Shelisheli ndio mfano wa karibu. Kwenye Alphonse na Cosmoledo, wageni wanalipa fedha nyingi sana kutembea kwenye maji ya kupwa wakimtafuta kolekole mkubwa, idadi ya wavuvi inawekewa mpaka, samaki wanaachiwa, na visiwa vinabaki kama vilivyo. Ni mpango mzuri. Ukiutazama kwenye picha, maji yale ni kama ya mashariki ya Pemba: mchanga mweupe, nyasi, mwamba kwa mbali, mkondo wa mikoko. Sitashangaa siku moja mtu akija na makabrasha akitaka eneo letu la kupwa litengwe kwa mtindo huo, na makabrasha yale yataandikwa "utalii endelevu" na "uchumi wa buluu" kila ukurasa.

Tofauti ni kwamba Alphonse na Cosmoledo hazina vijiji. Sisi sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773 kwenye visiwa hivi, na maji ya kupwa ndiyo sehemu ya bahari yenye watu wengi kuliko zote. Siku ya bamvua, maji yanaposhuka kama mita nne kutoka pale yalipojaa, nenda Jambiani, nenda Paje, nenda Micheweni, utaona. Wanawake wako kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara hapa mwaka 1989, wameinama wakifunga vitawi kwenye kamba zilizopigiwa vijiti. Wengine wanakwenda na mchokoo, chuma chembamba, wanachungulia tundu baada ya tundu wakitafuta pweza. Anayejua hamtafuti pweza mwenyewe bali vipande vya magamba ya kaa alivyovitupa mlangoni. Wengine wawili wawili wanatanda, kila mmoja na ncha zake mbili za shuka, wakiinua vidagaa. Watoto wanaokota kombe. Ukilitenga eneo hili kwa wavuvi wa nzi, hata ukisema kwa unyenyekevu kwamba ni pande mbili tatu tu na kwa miezi michache tu, utakuwa umemwondoa mtu aliyeko pale tayari, na huyo mara nyingi ni mwanamke asiye na leseni, asiye kwenye kamati, ambaye kazi yake hata haiitwi uvuvi kwenye daftari.

Hapa ndipo historia ya wavuvi wa nzi wenyewe inatufaa. Uingereza, karne ya kumi na tisa ikielekea mwisho, Frederic Halford na wenzake kwenye mito ya Hampshire walishikilia kwamba njia ya kiungwana ni moja: nzi anayeelea juu ya maji, arushwe kwa samaki uliyemwona anakula. Kila njia nyengine ikaonekana ya kishamba. Baadaye akaja mwanasheria mmoja, G. E. M. Skues, mvuvi wa nzi kama wao, akaonyesha kwamba samaki wengi wanakula chini ya maji na kwamba nzi anayezama ni wa haki vilevile. Yakazuka mabishano ya miaka, mpaka 1938 klabu yao ya London, Flyfishers' Club, ikafanya mdahalo rasmi juu ya jambo hilo. Watu wazima, wengine wasomi wakubwa, wanahukumiana kwa sababu ya manyoya yanayozama na yanayoelea! Walipoanza kupanga nani msafi zaidi, hawakupata pa kusimama. Mwanzo anatolewa wa mnyoo, kisha wa chuma, kisha wa nzi anayezama. Na kila hatua samaki ndiye anayetajwa kuwa sababu.

Jambo jengine la Uingereza ambalo halisemwi sana huku: mito ile inaweza kufungwa kwa sababu haki ya kuvua kwenye maji yasiyofikiwa na kupwa na kujaa ni ya mwenye ukingo. Ni mali, inauzwa, inakodishwa. Lakini maji ya kupwa na kujaa, hata huko, kwa asili ni ya umma. Sasa tuangalie visiwa vyetu. Ni maji gani yetu ambayo hayapwi na kujaa? Mtu anayetaka kuleta desturi ya mto wa tajiri wa Kiingereza kwenye pwani ya Zanzibar anapingwa na sheria ya Waingereza wenyewe. Na sisi tuna letu la zamani zaidi, tulilolisikia tangu chuo cha Kurani, kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Huo ni upande wa majini. Lakini mwenye haki ya maji asiyeweza kuyafikia ana haki ya karatasi. Jimbo la Montana, Marekani, lilipitisha mwaka 1985 sheria inayomruhusu mtu yeyote kutumia mto mpaka alama ya maji yalipojaa, hata kama ardhi ya pande zote mbili ni ya mtu binafsi, mradi ameingia kwa njia halali. Wenye mashamba makubwa walikasirika na mpaka leo wengine hawajapoa. Kwetu, ardhi yote ni ya umma na hoteli hukodishwa tu, kwa hiyo kwenye karatasi tungetakiwa tuwe mbele ya Montana. Nenda ukanda wa Nungwi na Kendwa ukatafute njia ya mtu mwenye pakacha la samaki kichwani kutoka majini mpaka barabarani. Utapita pembeni ya ukuta, utazunguka mabwawa ya kuogelea, na mlinzi, ambaye huenda ni mtoto wa kijijini kwako, atakuuliza unakwenda wapi. Diko lililokuwa na nafasi ya kupandisha ngalawa limebanwa. Mtu anaweza kufungiwa bahari bila ya kanuni hata moja ya uvuvi kuandikwa.

Hoja ya upande wa utalii ina uzito pia, na wanaoipuuza hawasemi kweli. Maeneo yaliyofungwa yanafanya kazi. Mwamba wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990 na hata mtu asiyejua kuogelea akichungulia kutoka kwenye boti ataona tofauti. Misali, kisiwa magharibi ya Chake Chake, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, ilichukua njia nyengine: sehemu ya ndani hairuhusiwi kuvuliwa, na sehemu kubwa iliyobaki wavuvi wanaendelea kwa vyombo vinavyokubalika. Hakuna anayependa kila kitu cha Misali, lakini wavuvi wa dago, wanaohama na kupiga kambi, wameendelea kutua pale, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Linganisha na Mnemba, kisiwa cha hoteli moja, ambako mtu wa Matemwe anakiona kila siku kutoka ufukweni kwake na hana ruhusa ya kukanyaga mchanga wake.

Tofauti ya Chumbe na Mnemba, kwa jicho la mvuvi, si ukubwa wa eneo wala uzuri wa samaki. Chumbe imefungwa kwa kila mtu. Mgeni anaogelea, anatazama, anaondoka, harushi ndoana. Kanuni ya namna hiyo inauma lakini inaelezeka kwa mzee wa miaka sabini aliyekuwa akivua pale. Isiyoelezeka ni ile inayosema huku pamefungwa kwa mshipi wako lakini pako wazi kwa rodi ya mgeni kwa sababu yeye anaachia. Hata kama kisayansi samaki wengi wanaoachiwa wanaishi, na kwa maji madogo na nzi asiye na mwiba huenda ni kweli, mzee yule ataona jambo moja tu: mimi nikimtoa samaki kula nina kosa, huyu akimtoa kumchezea analipishwa na kupigiwa picha. Wapo na watu wa dini wanaoliona hilo la kumtesa kiumbe kwa mchezo kuwa baya kuliko kumla, na sidhani kama ni hoja ya kucheka.

Kwa hiyo msimamo wangu juu ya rodi ni mfupi. Nje, kwenye mkondo, karibuni, lipeni. Ndani ya mwamba, pakifungwa pafungwe kwa wote. Pakiwa wazi kwa mshipi, pawe wazi kwanza kwa mshipi wa kijiji, na mgeni aje kama mgeni wa mvuvi, kwenye ngalawa ya mvuvi, kwa bei anayoitaja mvuvi. Kolekole mmoja akiachiwa mara tatu kwa wateja watatu wa ngalawa ya Makangale, kaskazini ya Pemba, hapo nitaipigia makofi hoja ya kuachia.

Lakini hilo neno "kijiji" nalo lina makali ya pande mbili, na watu wa utetezi wa wenyeji huwa wanalipita haraka. Ukisema kila kijiji kimiliki maji yake na kichague nani aingie, umemfanya nini Mkojani? Kojani ni kisiwa kidogo mashariki ya Pemba, watu wengi, ardhi hakuna. Maisha yake ni dago: wavuvi wanahama na upepo, kaskazi huku, kusi kule, wanapiga kambi Unguja, Tanga, Mafia, mpaka Kenya. Wanabeba barua, wanajitambulisha kwa sheha, wanakaa miezi, wanauza samaki kijiji kinanufaika, wanaondoka. Na ndio haohao wanaolaumiwa kila pahala kwa nyavu kubwa na kwa kumaliza samaki, wakati mwengine kwa haki, wakati mwengine kwa sababu tu ni wageni na lafudhi yao inajulikana. Kanuni ya "maji ya wenyeji" ikiandikwa ovyo itakuwa ni North Umpqua ya kienyeji: imelengwa kwa nyavu, imempata Mkojani.

Ndiyo maana naona kamati za uvuvi za shehia zipewe nguvu juu ya chombo na msimu, zisipewe nguvu juu ya kabila la mvuvi. Ziseme juya halipiti hapa, na lisipite la mtu wa Chwaka wala la mtu wa Kojani wala la mtoto wa sheha. Ziseme mwamba huu unapumzika miezi mitatu. Asiyekubali kanuni asiingie. Anayekubali aingie, hata akitoka Tanga.

Kuna mfano unaoonyesha ugumu wa hata hilo, nao ni kufunga mwamba kwa ajili ya pweza. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni moja ya sehemu zilizojaribu. Njia yenyewe ilianza kujulikana huko Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004. Pweza anaishi kama mwaka mmoja tu na anakua upesi mno, kwa hiyo ukimwacha kwa miezi michache unamkuta ameongezeka uzito kuliko samaki yeyote atakavyofanya kwa muda huo. Faida inaonekana kwa mizani, siku hiyohiyo ya kufungua. Ndiyo maana watu wanaikubali kuliko kanuni nyengine za hifadhi.

Tatizo ni siku hiyo ya kufungua. Aliyevumilia miezi mitatu ni yule mama wa mchokoo anayetembea kwa miguu. Alifungiwa eneo lake lote kwa sababu hana uwezo wa kwenda kwengine. Mwenye boti na miwani ya kupiga mbizi alikuwa anavua pahala pengine muda wote. Mwamba ukifunguliwa asubuhi, huyu wa boti anafika mwanzo, anazama kwenye kina ambacho mama hafiki, anaondoka na pweza wakubwa kabla maji hayajapwa vya kutosha. Hakuna chombo haramu kilichotumika. Hakuna aliyevunja kanuni. Na bado mgao haukuwa wa haki, kwa sababu kanuni iliangalia pweza na haikuangalia nani alilipa gharama ya kumsubiri.

Dawa yake si ngumu kuitaja. Masaa ya mwanzo ya ufunguzi, mpaka maji yaanze kujaa, yawe ya wanaotembea kwa miguu. Wapiga mbizi waanze bamvua inayofuata. Ada wanazolipa boti za rodi na wapiga mbizi wa kitalii isipotelee mjini: sehemu yake inayojulikana irudi shehia kabla mwamba haujafungwa, iwalipe walioacha kuvua na iwakopeshe vijana wa juya mashine na mishipi wakati nyavu zao zinakabidhiwa, sio baada ya kuchomwa. Na ramani ya eneo lolote linalotaka kutengwa, iwe kwa hoteli au kwa hifadhi, ichorwe siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa na wanawake wakiwa wako kazini. Ikichorwa maji yamejaa, eneo lote litaonekana tupu.